Kisu cha babu kisiondoke bila jina

Kamituga, Kivu ya Kusini – Familia inapokimbia risasi usiku, kitanda kinabaki, kabati linabaki, mara nyingi hata mbuzi wanabaki. Kisu kinaondoka nayo. Kinatiwa ndani ya sufuria, sufuria inafungwa ndani ya kitenge, na mzigo unapanda kichwani kwa mama. Sababu inajulikana na kila mtu aliyewahi kukimbia: bila kisu hakuna wa kumenya muhogo njiani, hakuna wa kukata kamba ya mzigo, na mtoto akizaliwa porini hakuna cha kukatia kitovu.

Halafu majuma yanapita. Mama aliyepokelewa na jamaa zake hapa Kamituga, au aliyekodi chumba kimoja kwa watoto sita, anaanza kuuza. Kwanza kinaenda kitenge kizuri, kisha redio, mwishoni sufuria kubwa na vilivyokuwa ndani yake. Kisu cha baba mkwe kinalazwa juu ya gunia sokoni, kati ya misumari na betri. Mnunuzi anakitazama kama chuma tu na anatoa bei ya chuma. Kinaondoka, na hakuna aliyeuliza kilifuliwa na nani, wapi, na kilipita mikononi mwa nani kabla ya kufika hapo.

Hakuna wa kumlaumu mama huyo. Watoto hawali kumbukumbu. Lakini kuna hasara mbili katika biashara ile, na moja kati ya hizo inaweza kuzuiwa bila franka hata moja. Familia ina haki ya kuuza kisu chake. Kisichofaa ni kisu kuondoka bila jina.

Wengine watashangaa kuona kisu kinaandikiwa makala nzima wakati barabara ya Bukavu, ile kilomita karibu 180 za barabara ya taifa nambari mbili, ina matatizo makubwa zaidi. Ili kuelewa kitu gani kinapotea, inafaa kutazama kwanza watu wa mbali wanaokitunza kisu kama wengine wanavyotunza dhahabu.

Katika Marekani kuna watu wengi wanaokusanya visu vya zamani vya mfukoni, vile vya kukunja. Hawavikusanyi kwa sababu wamekosa vya kukatia nyama. Wanavikusanya kwa sababu kila kisu kinasema kilikotoka. Kampuni moja inayopendwa sana na wakusanyaji hao inaitwa W.R. Case & Sons. Historia yake inaanza mwaka 1889, wakati ndugu wa ukoo wa Case walipokuwa wakiuza visu vyao kwa kuzunguka na gari la farasi katika jimbo la New York. Baadaye kampuni ilihamia mji wa Bradford, katika jimbo la Pennsylvania, na hadi leo inafanya kazi hapo.

Siri ya thamani ya visu hivyo iko mahali padogo sana: chini ya bapa, pale linapoingia kwenye mpini. Hapo kiwanda kinagonga jina lake. Kwa muda mrefu jina hilo lilifuatwa na herufi XX, maana yake bapa lilipitishwa motoni mara mbili ili liwe gumu. Mwaka 1970 kampuni iliongeza alama nyingine. Ilitia vidoti kumi chini ya jina. Mwaka 1971 ikabakiza tisa, mwaka uliofuata vinane, ikaendelea hivyo mpaka mwaka 1979 kikabaki kimoja. Mtu akiokota leo kisu chenye vidoti vinne, anajua kilitoka kiwandani mwaka 1976. Hahitaji kuuliza mtu yeyote. Chuma chenyewe kinamjibu.

Hata namba iliyoandikwa kwenye bapa ina lugha yake. Tuchukue namba 6254. Tarakimu ya kwanza, 6, inasema mpini ni wa mfupa. Ya pili, 2, inasema kisu kina mabapa mawili. Zile mbili za mwisho zinataja umbo la kisu. Mtoto wa shule akifundishwa kwa dakika tano anaweza kuisoma namba hiyo.

Wakusanyaji hao wana kanuni zao, na fundi yeyote wa Kamituga angezielewa. Bapa lililonolewa mpaka likawa jembamba kama unyasi limepoteza sehemu kubwa ya bei. Kutu ndogo ya zamani ni afadhali kuliko bapa lililosuguliwa na msasa mpaka likang'aa, kwa sababu msasa unafuta alama. Resori ya ndani, inayorudisha bapa mahali pake, lazima iwe na nguvu na ilie inapofungwa. Mpini usiwe na ufa. Na zaidi ya yote, alama iwe ya kweli, kwa sababu wadanganyifu hawakosi: wanachukua kisu cha bei ya chini na kukigonga jina la kampuni kubwa. Wachimbaji wa Kamituga, wanaojua shaba inavyoweza kuuzwa kwa jina la dhahabu, hawatashangaa.

Kwa hiyo, mkusanyaji wa Marekani anapolipa pesa nyingi kwa kisu kidogo kuliko kidole cha shahada na mkono wake, halipii chuma. Analipia uhakika wa kujua kilitengenezwa wapi, lini na nani. Alama ikifutika, bei inaanguka siku hiyo hiyo.

Kuna kisu kingine kilicho karibu zaidi na Kongo, angalau kwa jina. Kinaitwa Okapi. Wasikilizaji wengi wanalijua jina hilo kwa sababu ya Radio Okapi, iliyoanza kusikika mwaka 2002. Okapi mwenyewe ni mnyama wa misitu ya Kongo, na hakuna nchi nyingine duniani anakoishi porini. Watu wa misitu hiyo walimjua tangu zamani. Wataalamu wa Ulaya walimwandika katika vitabu vyao mwaka 1901 tu. Mwaka uliofuata, 1902, katika mji wa Solingen nchini Ujerumani, mji unaojulikana kwa visu, kilianza kutengenezwa kisu cha kukunja chenye jina la Okapi kwa ajili ya kuuzwa Afrika. Kina mpini wa mbao uliopambwa kwa mwezi na nyota. Tangu mwaka 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini, na wapo wakusanyaji wanaotafuta vile vya zamani vya Solingen.

Jambo hilo linastahili kufikiriwa kidogo. Jina la mnyama wa Kongo limezunguka dunia juu ya kisu kwa zaidi ya miaka mia moja, na waliokitengeneza wanajua mwaka wa kuanza na mwaka wa kuhama. Lakini visu vilivyofuliwa na wahunzi wa hapa, katika vijiji vya wilaya ya Mwenga, vingapi vinajulikana mwaka wake? Vingapi vinajulikana jina la mhunzi?

Jibu linauma, ila halimaanishi kwamba wazee wa hapa hawakujua kutunza vitu. Walijua, tena kwa namna yao. Walega walikuwa na Bwami, chama cha mafundisho kilichokuwa na ngazi zake mpaka ile ya juu kabisa, kindi. Katika mafundisho ya Bwami vilitumika vitu vingi: barakoa, sanamu za mti na za pembe, vijiko, na hata visu vya pembe. Kisu cha pembe hakikukata nyama. Kazi yake ilikuwa kufundisha. Kilitolewa, kikaonyeshwa, na methali yake ikasemwa au ikaimbwa, na aliyekuwa anaingia ngazi mpya akajifunza namna ya kuishi na watu.

Katika desturi hiyo, uzito wa kitu haukutegemea sana aliyekichonga. Ulitegemea waliokuwa nacho. Mzee alipofariki, kitu chake kilipewa mlinzi, kisha kikaenda kwa mrithi, na mrithi alijua amekipokea kutoka kwa nani, na huyo naye kutoka kwa nani. Kitu kimoja kiliunganisha walio hai na waliotangulia. Hakikugongwa alama wala vidoti. Alama yake ilikaa ndani ya vinywa vya watu.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Kiwanda cha Bradford kiliandika aliyetengeneza. Wazee wa Kilega walikumbuka waliorithi. Njia zote mbili zilifanya kazi vizuri, kila moja kwao. Lakini njia ya kukumbuka kwa kinywa ina sharti moja: watu wakae pamoja. Lazima awepo mzee wa kusimulia, kijana wa kusikiliza, na jioni zenye utulivu. Vita vinaondoa vyote vitatu kwa usiku mmoja. Babu anabaki kijijini au anafia njiani, wajukuu wanatawanyika, mmoja Kamituga, mwingine Bukavu, mwingine Bujumbura, na kisu kinafika sokoni kikiwa bubu.

Haya hayajaanza leo. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ya Wabelgiji ilipiga Bwami marufuku. Mtafiti Daniel Biebuyck alipofanya kazi kati ya Walega miaka ya 1952 hadi 1954, alikuta desturi ambayo ilikuwa imeshapigwa na amri ya serikali, na kitabu chake kikubwa kuhusu Walega kilitoka mwaka 1973. Vitu vingi vya Kilega viko leo katika makumbusho na nyumba za matajiri wa Ulaya na Marekani. Vingi vimeandikwa neno moja tu: Lega. Ni jina la kabila zima, kana kwamba kabila zima lilikaa siku moja likachonga kijiko kimoja. Jina la aliyekitumia halipo. Jina la kijiji halipo.

Mwezi wa pili mwaka 2022, serikali ya Ubelgiji iliikabidhi serikali ya Kongo orodha ya vitu karibu 84,000 vilivyohifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren. Ilikuwa hatua nzuri. Lakini orodha ndiyo mwanzo wa kazi. Ili kujua kitu kirudi wapi, lazima ijulikane kilitoka kwa nani, na kama kilinunuliwa, kilitolewa zawadi au kilinyang'anywa. Watafiti wanahangaika kutafuta majina ambayo yangeandikwa kwa dakika mbili siku kitu kilipoondoka. Dakika hizo mbili hazirudi tena.

Swali kwa wakaaji wa Kamituga na kwa ndugu waliohama makwao ni kama watarudia kosa lile lile kwa mikono yao wenyewe. Safari hii hakuna ofisa wa kikoloni wa kulaumiwa. Kuna njaa, kuna haraka, na kuna mnunuzi anayejua kidogo kuliko anavyopaswa au zaidi ya anavyosema.

Suluhisho halihitaji mradi wa dola. Linahitaji daftari la shule na kalamu. Kabla kisu cha zamani hakijauzwa, hakijagawiwa wala hakijaachwa, familia iandike mambo sita. Kwanza, kinaitwaje kwa lugha ya nyumbani, iwe Kilega, Kishi, Kibembe au nyingine, kwa sababu Kiswahili kinaita vyote kisu na majina mazuri yanapotea. Pili, nani alikifua au kilinunuliwa wapi. Tatu, kimepita mikononi mwa nani, kuanzia wa kwanza anayekumbukwa. Nne, kilifanya kazi gani: shambani, jikoni, kwenye mavuno ya mawese, kwenye ndoa au kwenye msiba. Tano, kimetengenezwa na nini. Wahunzi wengi wanafua visu kutoka resori za magari, na hilo nalo ni historia: gari lililokufa linaendelea kuishi jikoni. Sita, siku na mahali kilipoondoka, na kwa bei gani. Mwenye simu ya kamera apige picha mbili, moja ya kila ubavu, na kisu kiwekwe kando ya kitu kinachojulikana ukubwa wake, kama kiberiti.

Faida ya kwanza ya daftari hilo ni ya pesa. Muuzaji anayeweza kusema kisu chake kina miaka mingapi na kimetoka kwa nani hauzi chuma tena. Anauza kitu chenye ushahidi, na wakusanyaji wa dunia nzima wanalipia ushahidi. Anaweza pia kujua wakati wa kukataa. Mnunuzi anayeuliza maswali mengi sana kuhusu mpini wa njano wa zamani huku akisema hauna thamani, maswali yake yanamkanusha. Hapa pia kuna sheria za kukumbuka. Kongo ina sheria ya mwaka 1971 inayolinda mali ya utamaduni, na vitu hivyo haviruhusiwi kutoka nchini bila kibali. Pembe ya tembo nayo inalindwa na mapatano ya kimataifa. Mwenye kitu cha pembe asikubali kutumwa kukivusha mpaka na mtu anayebaki nyuma na mikono safi.

Faida ya pili ni ya usalama, na hii ndiyo wengi hawaifikirii. Kijana anayehama na kisu cha babu yake mfukoni anaweza kupata matatizo kwenye bariere. Kwa askari, kwa mpiganaji, hata kwa raia wenye hofu, chuma kilichonolewa ndani ya mfuko wa kijana si urithi, ni silaha. Hakuna kisu kinachostahili kufa kwa ajili yake. Ikiwa kukibeba kunahatarisha maisha, kisu kikabidhiwe kwa mtu wa kuaminiwa, au kizikwe, au kiachwe. Daftari halikamatwi kama silaha. Aliyeandika amebeba sehemu kubwa ya kisu bila kubeba kisu.

Wapo watakaopinga. Baadhi ya waumini watasema vitu vya zamani ni vitu vya mashetani na vinafaa kuchomwa. Kila mtu ana imani yake, na makala haya hayamlazimishi mtu kutunza asichokitaka. Lakini kisu kilichomenya muhogo uliomlea mchungaji mwenyewe alipokuwa mtoto hakina shetani ndani yake. Kuandika jina la mhunzi hakumrudishi mtu nyuma kwenye lolote isipokuwa heshima.

Wengine watasema kwamba wazee wanaojua wamekwisha. Si kweli bado. Wamo kati ya wenyeji, na wamo kati ya waliokimbia. Tatizo ni kwamba mzee aliyehama, akifika mahali pa kugawiwa unga, anaulizwa maswali machache sana: jina lake, kijiji chake, idadi ya watu nyumbani. Hakuna anayemwuliza anajua nini. Kijana akikaa naye jioni moja na kisu kati yao, mzee anakuwa tena mtu mwenye elimu. Kwa aliyepoteza shamba, nyumba na mifugo, hilo si jambo dogo.

Redio za hapa zinaweza kufanya sehemu yao. Dakika kumi kwa juma zinatosha: mzee mmoja, kitu kimoja, lugha ya nyumbani na Kiswahili. Vilabu vya wasikilizaji vinaweza kukusanya masimulizi na kuyasoma hewani, bila kutaja mahali vitu vilipo, ili wezi wasipate ramani ya bure. Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi kazi ya nyumbani ya kuandika kitu kimoja cha familia. Mjini Bukavu mapadre Wasaveriani wana makumbusho yenye vitu vya Walega na vya makabila mengine ya Kivu, ushahidi kwamba kazi ya kutunza inaweza kufanyika hapa hapa jimboni. Na wahunzi walio hai, wanaofua visu na mapanga leo, waanze kugonga alama yao chini ya bapa. Msumari mgumu na nyundo vinatosha kwa herufi mbili na mwaka. Ndugu wa Case nao walianza na gari la farasi tu.

Kamituga ni mji uliozoea kuona vitu vyake vikiondoka. Tangu kampuni ya MGL ilipofika katika miaka ya 1920, dhahabu imekuwa ikitoka ardhini hapa na kwenda mbali, na ikishayeyushwa haina kumbukumbu. Hakuna anayeweza kushika pete mjini Dubai akasema gramu hii ilitoka shimo fulani, ikachimbwa na mtu fulani, na mawe yake yakatwangwa na mama fulani. Dhahabu imeumbwa hivyo, inasahau.

Kisu hakijaumbwa hivyo. Kisu kinaweza kukumbuka ikiwa kuna mtu wa kukisemea. Usiku huu, katika chumba kimoja cha kupanga, kuna sufuria iliyofungwa ndani ya kitenge. Kabla haijapelekwa sokoni kesho asubuhi, mtoto anayejua kuandika atafute kalamu, na bibi aulizwe swali moja: hiki kilikuwa cha nani?